Kupima kazi ya vipokezi vya kotisoli katika kumbukumbu za hofu: mwongozo wa jaribio kwa watu wenye afya

Mtu akipatwa na msongo, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli kwenye damu, na homoni hiyo hupanda hadi ubongoni: kwenye amigdala, hipokampasi na gamba la mbele, yaani sehemu zilezile zinazoshughulika na hofu. Swali la mwongozo huu ni finyu zaidi. Kotisoli ikishafika huko, inashika kipokezi kipi, na kila kimoja kinafanya nini kwenye kumbukumbu ya hofu?

Vipokezi vyenyewe ni viwili, na watafiti huviita MR (kipokezi cha mineralokotikoidi) na GR (kipokezi cha glukokotikoidi). Mwaka 1985 Reul na de Kloet walionesha kwenye ubongo wa panya kuwa MR hushika kotikosteroni, homoni inayofanya kazi ya kotisoli kwa panya, kwa nguvu karibu mara 10 kuliko GR. Ndiyo maana MR huwa vimejaa hata mtu akiwa ametulia, ilhali GR husubiri kotisoli ipande, ama kwa msongo ama kwa mzunguko wa kawaida wa alfajiri. Mwaka 2005 Karst na wenzake waligundua jambo lililobadilisha picha hiyo: wapo MR kwenye hipokampasi wanaofanya kazi kwa dakika chache tu, bila kupitia jeni, na hao huhitaji kotisoli nyingi kuliko MR wa ndani ya seli. Kwa hiyo msongo huwagusa MR pia, tena mapema. GR huwasha na kuzima jeni, kazi inayochukua saa nzima na zaidi. Oitzl na de Kloet walikuwa wameshaona dalili ya mgawanyo huo mwaka 1992: panya waliozibiwa GR baada ya mafunzo walishindwa kuhifadhi vizuri walichojifunza, na waliozibiwa MR walibadilisha namna ya kutafuta njia.

Kwa binadamu, mfano bora wa kuufuata ni jaribio la Susanne Vogel na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, lililochapishwa 2015. Wanaume wenye afya walimeza spironolaktoni, dawa inayoziba MR, au plasebo (kidonge kisicho na dawa), kisha wakapitia msongo au hali ya kawaida kabla ya kufundishwa hofu, yaani kuoneshwa picha inayofuatwa na shoti ya umeme, kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza shoti huja picha ikiwa bado kwenye skrini. Hiyo amigdala huimudu. Katika ya pili picha huondoka, unapita ukimya mfupi, ndipo shoti huja; hiyo huhitaji hipokampasi na huhitaji mtu atambue uhusiano wa vitu hivyo viwili. Msongo uliwasukuma watu kutoka njia ya pili kwenda ya kwanza, na MR walipozibwa msukumo huo haukutokea. Maelezo yanayofuata yamejengwa juu ya muundo huo, pamoja na marekebisho ya kupima kumbukumbu yenyewe, maana kumbukumbu hupimwa siku nyingine, siyo dakika 10 baada ya somo.

Hili si jambo la kujaribu nyumbani wala la mwanafunzi peke yake. Lazima timu iwe na daktari anayewajibika kwa washiriki. Tanzania utahitaji kibali cha maadili kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa kuwa unatoa dawa. Kenya utahitaji kamati ya maadili inayotambuliwa, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Anza na hayo kabla hujanunua hata elektrodi moja.

Kuchagua dawa

Spironolaktoni miligramu 400, dozi moja ya kumeza, ndiyo iliyozoeleka kwa kuziba MR kwenye majaribio ya aina hii; wengine wametumia 300. Kasoro yake ni kwamba hushika pia vipokezi vya homoni za kiume na vya projesteroni. Eplerenoni haina sana tabia hiyo, lakini nguvu yake kwenye MR ni ndogo. Ukitaka kuwasha MR badala ya kuziba, fludrokotisoni miligramu 0.4 imetumika Berlin kwa watu wenye afya. Kuziba GR kunahitaji mifepristoni, ambayo ndiyo dawa ile ile ya kutoa mimba. Hapo kipimo cha ujauzito hakina mjadala, na kwa maoni yetu jaribio la kwanza la timu mpya lisianzie huko.

Usitumie deksamethasoni, dawa ya steroidi inayofanana na kotisoli, ukidhani unawasha GR wa ubongo. Kizuizi kati ya damu na ubongo huisukuma nje, hivyo kwa dozi ndogo hufanya kazi yake zaidi kwenye tezi ya pituitari, hushusha kotisoli ya mtu mwenyewe, na huenda ubongo ukabaki na homoni kidogo kuliko mwanzo. Ni kosa la kawaida, na matokeo yake husomwa kinyume.

Sasa jambo linalosahaulika kuliko yote: muda ambao dawa hukaa mwilini. Spironolaktoni yenyewe huondoka haraka, lakini mwili huigeuza kuwa kanrenoni, ambayo nusu yake huondoka kwa saa 16.5 hivi. Piga hesabu. Baada ya saa 24 imebaki takriban asilimia 36. Baada ya saa 48, asilimia 13. Baada ya siku 7, chini ya sehemu moja kwa elfu. Ukimfundisha mtu hofu leo na kumpima kesho, unampima akiwa na theluthi ya dawa kichwani, na hutajua kama dawa iligusa uhifadhi au inagusa ukumbukaji wa siku hiyo. Kwa hiyo mahudhurio yawe matatu: siku ya 1 kufundisha hofu, siku ya 8 kupima kilichobaki na papo hapo kuififisha hofu hiyo (kuonesha picha bila shoti hadi hofu ipungue), siku ya 9 kuona kama ufifishaji umeshika.

Watu wangapi, na nani

Makundi ni manne: dawa na msongo, dawa bila msongo, plasebo na msongo, plasebo bila msongo. Ukitarajia tofauti ya ukubwa wa kati, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana wenyewe kwa wenyewe), kulinganisha makundi mawili tu kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona kunahitaji watu 64 kila kundi. Lakini dai lako ni kwamba dawa *inafuta* athari ya msongo, na dai la namna hiyo huhitaji watu mara mbili kwa kila kundi: 128 mara nne ni 512. Maabara nyingi haziwezi. Basi punguza swali: wape wote msongo, linganisha dawa na plasebo peke yake, ukubali kwamba utajibu nusu ya jambo lakini kwa uhakika. Ni heri hivyo kuliko makundi manne ya watu 15 yanayotoa jibu jipya kila yakirudiwa.

Chukua watu wa miaka 18 hadi 40 wasio na ugonjwa wa akili, moyo, figo wala ini, wasiotumia dawa za presha, dawa zozote zenye steroidi (pampu ya pumu na krimu za ngozi zimo, ziulize kwa majina, watu huzisahau), wasiovuta sigara kila siku wala kutafuna miraa. Pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kwenye damu siku chache kabla. Spironolaktoni huzuia potasiamu isitoke, hivyo aliyezidi 5.0 mmol/L arudi nyumbani, vivyo hivyo ambaye namba ya juu ya presha yake (sistoli) iko chini ya 100.

Majaribio mengi ya zamani yalichukua wanaume tu, na sababu ni hii: vidonge vya uzazi wa mpango huongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu, hivyo kotisoli huru, ile inayofika kwenye ubongo na kwenye mate, hupanda kidogo tu wakati wa msongo. Projesteroni nayo hushika MR, kwa hiyo wiki ya mzunguko ina maana. Kuwaacha wanawake si suluhisho, maana yapo matokeo yanayoonesha kotisoli ikiwaathiri kinyume na wanaume kwenye somo la hofu. Wachukue, andika tarehe ya hedhi na njia ya uzazi wa mpango, na wagawe kwenye makundi kwa kura iliyopangwa ili kila kundi lipate idadi sawa ya wanaume, wanawake wanaotumia homoni na wasiotumia.

Usipange mahudhurio ndani ya Ramadhani kwa washiriki wanaofunga. Usingizi na saa za kula vikihama, mdundo wa kotisoli nao huhama, na mtu wa saa 9 alasiri hawi sawa na yule wa mwezi uliopita. Tena spironolaktoni huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na chakula.

Siku ya 1

Fanya kazi mchana, kotisoli ya mwili ikiwa imeshuka na kutulia. Mshiriki afike saa 6:00 mchana bila kuwa amekunywa kahawa tangu asubuhi. Saa nzima kabla ya kufika asile, asinywe kitu isipokuwa maji, asipige mswaki. Pima presha, chukua mate ya kwanza, kisha panga nguvu ya shoti *kabla* ya kidonge. Ukiipanga baada ya dawa, dawa inaweza kubadilisha jinsi anavyohisi umeme, na tofauti utakayoipata mwishoni itakuwa ya kifundo cha mkono kinachopigwa shoti badala ya kumbukumbu.

Shoti itoke kwenye kifaa kilichoidhinishwa kwa binadamu, chenye utengano kamili na umeme wa ukutani. Kilichounganishwa na fundi hakifai hata kama kinafanya kazi. Anza chini kabisa, panda hatua ndogo ndogo, umwulize kila mara, usimame anaposema "inakera sana, lakini siyo maumivu". Andika kiwango. Shoti dhaifu ndiyo sababu ya kwanza ya watu "kutojifunza": picha haimaanishi chochote kwa sababu kinachofuata hakimsumbui.

Saa 6:45 ampe kidonge mtu asiyejua ndani kuna nini, pamoja na mlo mwepesi. Kisha ni kungoja. Spironolaktoni hufika kileleni kwenye damu baada ya saa 2 na nusu hivi, na kanrenoni baada ya saa 4 na kidogo, hivyo somo la hofu liangukie katikati. Mpe majarida yasiyosisimua. Simu izimwe, habari mbaya ya WhatsApp ni msongo ambao hukuupanga.

Saa 9:00 alasiri aende msalani, hata akisema hahitaji. Dawa hii huongeza mkojo, na jasho la kiganja ndilo kipimo cha hofu hapa: mtu aliyebanwa hutoa jasho lisilohusiana na picha zako. Akirudi, mvalishe elektrodi.

Hapa nenda polepole, kwa sababu data yote inapita kwenye sentimita hizi mbili za ngozi. Mkono usiotumika kuandikia uoshwe kwa maji matupu. Sabuni kali na spiriti hukausha na kubadilisha upitishaji. Elektrodi mbili za fedha na kloridi ya fedha zikae kwenye kiganja, moja kwenye nyama ya chini ya dole gumba, nyingine upande wa kidole kidogo. Tumia jeli maalumu ya kupima jasho yenye chumvi ya kiwango cha jasho, karibu asilimia 0.5. Jeli ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ina chumvi nyingi mno. Itakupa mistari mizuri isiyo ya kweli. Volti iwe 0.5 isiyobadilika. Ngoja dakika 10 jeli iloweke ngozi, kisha mwambie avute pumzi ndefu ghafla: mstari unapaswa kupanda baada ya sekunde 1 hadi 3. Usipopanda, rekebisha sasa, siyo baadaye. Chumba kiwe nyuzi 22 hadi 24. Dar es Salaam au Mombasa, aliyetembea juani kutoka kituoni anahitaji nusu saa ya kupoa, na kiyoyozi kiwe kimewashwa muda wote, siyo kuwashwa na kuzimwa katikati ya kazi. Umeme ukikatika na jenereta ikaingia, weka alama kwenye rekodi.

Msongo unafuata saa 9:15. Njia rahisi na ya kuaminika ni maji ya barafu pamoja na kutazamwa: mkono *usio na elektrodi* huzamishwa hadi juu ya kifundo kwenye maji ya nyuzi 0 hadi 4 kwa dakika 3, mbele ya kamera na mtu mgeni mwenye uso usiotabasamu. Koroga maji kwa pampu ndogo, la sivyo tabaka la maji vuguvugu hujijenga kuzunguka mkono na baridi hupotea bila kipimajoto kujua. Kundi lisilo na msongo hutumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi 36, bila kamera. Akitaka kutoa mkono mapema, autoe, andika sekunde. Mwenye ugonjwa wa moyo au vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi hakupaswa kufika hatua hii.

Anza somo dakika 20 hadi 25 baada ya mkono kuingia majini, kotisoli ikiwa karibu na kilele. Picha mbili za kawaida, tuseme duara na mraba, kila moja sekunde 6. Moja hufuatwa na shoti, nyingine kamwe. Kwa nusu ya watu iwe duara, kwa nusu nyingine mraba. Onesha kila picha mara 2 bila shoti, halafu mara 16 kila moja. Shoti ije mara 10 kati ya hizo 16, mwishoni mwa picha. Usiitoe kila mara: hofu inayolipwa kila mara hufifia haraka sana siku ya 8, na zaidi ya hapo unahitaji picha zisizo na shoti ili usome mwitikio bila kelele ya umeme. Nafasi kati ya picha iwe sekunde 10 hadi 14, isiyotabirika, kwa kuwa jasho huchukua muda kushuka. Picha moja isijirudie zaidi ya mara 2 mfululizo. Maelekezo yawe haya tu: "Huenda picha mojawapo ikafuatwa na shoti. Angalia kwa makini."

Mate yachukuliwe alipofika, kabla ya maji, dakika 20 hadi 25 baada ya maji, na baada ya somo. Pamba itafunwe dakika 1. Ikitoka na damu ya fizi, tupa, chukua nyingine, maana damu ina kotisoli nyingi kuliko mate. Gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kotisoli ikipanda kwa 1.5 nmol/L au zaidi juu ya mwanzo, mhesabu kuwa msongo umemfikia. Kabla hajaondoka, mpime presha akiwa amekaa, kisha amesimama.

Siku ya 8 na ya 9

Siku ya 8 mvalishe elektrodi zote, pamoja na ya shoti. Ukiiacha ya shoti kwenye meza, mtu anajua yuko salama na hofu haitokei. Onesha picha zile zile mara 16 kila moja bila shoti hata moja. Mara 2 za kwanza ndizo kipimo cha kumbukumbu ya wiki nzima. Kuanzia ya tatu tayari anajifunza upya kwamba hakuna hatari, hivyo ukichukua wastani wa zote 16 umechanganya kukumbuka na kufifisha, na athari ya kipokezi hufichika humo. Siku ya 9 anza tena na picha bila shoti, kisha toa shoti 3 peke yake bila picha, ngoja dakika 10, onesha picha tena. Kurudi kwa hofu hapo kunaonesha kwamba kumbukumbu ya kwanza haikufutika. Maliza kwa raundi ndefu bila shoti ili mtu asiondoke na hofu uliyompandisha.

Kusoma namba

Kwa kila picha tafuta mpando unaoanza kati ya sekunde 1 na 4 baada ya picha kutokea, kuanzia bondeni hadi kileleni. Chini ya mikrosimensi 0.02 (kipimo cha jinsi ngozi inavyopitisha umeme) iandike sifuri, usiiache wazi. Kisha chukua kipeuo cha pili, kwa sababu watu wachache wenye majasho mengi huburuta wastani. Mfano: picha ya shoti imetoa 0.64, ya salama 0.09. Vipeuo ni 0.8 na 0.3, tofauti 0.5 ndiyo hofu ya mtu huyo kwa raundi hiyo.

Amua nani ataondolewa kabla hujaona data, na uandike hadharani. Usiwaondoe "wasiojifunza". Dawa yako inaweza kuwa ndiyo iliyowazuia kujifunza, na ukiwaondoa umefuta tokeo ulilolitafuta. Mwulize kila mshiriki mwishoni anadhani alimeza nini; kundi likibashiri sawa kupita bahati, sema hivyo kwenye ripoti.

Dawa ikipunguza tofauti ya picha mbili siku ya 1, MR wanahusika katika kupokea somo. Siku ya 1 ikiwa sawa kwa wote na siku ya 8 kundi la dawa likawa chini, kilichoguswa ni kuhifadhi. Lakini angalia mate kwanza. MR ndio wanaoushikilia mfumo wa msongo usipande ovyo, na ukiwaziba kotisoli hupanda hata bila maji ya barafu. Kotisoli hiyo ya ziada inakwenda wapi? Kwenye GR. Unaweza kudhani umeona kazi ya MR kumbe umewashibisha jirani zao. Njia ya kujua ni kuongeza kundi la tatu: plasebo pamoja na haidrokotisoni ndogo (kotisoli iliyotengenezwa kama dawa) inayopandisha kotisoli kufikia kiwango kile kile cha kundi la spironolaktoni, ikiwa kwenye kapsuli isiyoacha unga mdomoni, kwani chembe moja ya unga huo huharibu sampuli zote za mate za siku hiyo. Kundi la tatu likifanana na la dawa, tokeo ni la GR. Likifanana na plasebo tupu, una haki ya kuliita la MR.